Kodi ya Mshahara na Kodi ya Majengo, Tanzania na Kenya: Namna ya Kulinganisha Ukiwa Dodoma

Mfanyakazi mwenye nyumba yake Nkuhungu au Kisasa akipata ofa ya kazi Nairobi, swali la kwanza ni kodi iko juu wapi. Jibu la mtaani ni la asilimia: Tanzania inaishia 30, Kenya inaishia 35, kwa hiyo bora ubaki. Jibu hilo halimsaidii mtu. Asilimia ya mwisho hugusa kipande cha mwisho tu cha mshahara, na ile 35 ya Kenya huanza baada ya KSh 800,000 kwa mwezi. Kinachopaswa kulinganishwa ni fedha inayobaki mkononi kwa mshahara uleule baada ya makato yote, kisha utoe kile nyumba inachodaiwa kwa mwaka.

Kabla ya kushika kikokotoo, tafuta salari slipu ya mwezi uliopita, barua ya ofa yenye mshahara ghafi (sio ule wa "mkononi" unaotajwa kwa simu), risiti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za miezi mitatu na bili ya pango la ardhi ya kiwanja chako. Chora safu mbili kwenye karatasi moja. Hesabu za hapa zinatumia viwango vya mwaka 2025, na shilingi 1 ya Kenya imechukuliwa kuwa shilingi 20 za Tanzania ili namba zisomeke. Ukifika kwenye hesabu yako, weka kiwango cha benki cha siku hiyo.

Upande wa mshahara

Tanzania Bara hukata kodi ya mshahara kwa mafungu. TSh 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni TSh 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni TSh 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi. Juu ya milioni moja ni TSh 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi milioni hiyo.

Kenya haina fungu la bure. KSh 24,000 za mwanzo hukatwa asilimia 10, KSh 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi KSh 500,000, asilimia 32.5 hadi 800,000, na asilimia 35 kwa kinachobaki. Baada ya kujumlisha yote, mkazi wa Kenya hupunguziwa KSh 2,400 kila mwezi. Punguzo hilo hufuta kodi yote ya fungu la kwanza, kwa hiyo KSh 24,000 za mwanzo ni kama hazina kodi.

Sasa chukua mshahara ghafi wa TSh 3,000,000 sekta binafsi Dodoma, na KSh 150,000 Nairobi, ambazo kwa kiwango chetu ni fedha ileile.

Dodoma: mchango wa mfanyakazi kwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 10, yaani 300,000, nao hutolewa kabla ya kodi. Kipato kinachotozwa kodi kinabaki 2,700,000. Kodi ni 128,000 ukiongeza asilimia 30 ya 1,700,000, ambayo ni 510,000, jumla 638,000. Mkononi zinabaki TSh 2,062,000.

Nairobi: NSSF ya kule ni asilimia 6, lakini ina ukomo. Tangu Februari 2025 mshahara unaohesabiwa haukuzidi KSh 72,000, kwa hiyo mchango uliishia KSh 4,320. Bima ya afya ya jamii (SHIF) ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, KSh 4,125. Tozo ya nyumba nafuu ni asilimia 1.5, KSh 2,250. Makato yote matatu hutolewa kabla ya kodi. SHIF na tozo ya nyumba zilipata nafuu hiyo mwishoni mwa Desemba 2024, na vikokotoo vingi vya zamani mtandaoni havijui, ndiyo maana vinakupa kodi kubwa kuliko halisi. Jumla ya makato hayo ni 10,695, kipato cha kodi kinabaki 139,305. Fungu la kwanza 2,400, la pili 2,083.25, la tatu asilimia 30 ya 106,972, ambayo ni 32,091.60. Jumla 36,574.85, toa punguzo la 2,400, kodi ni KSh 34,174.85. Mkononi zinabaki KSh 105,130, sawa na TSh 2,102,603.

Tazama namba hizi mbili kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Kodi ya Kenya ni TSh 683,497 na ya Tanzania ni 638,000. Ukiongeza tozo ya nyumba, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni kodi kwa jina jingine, Kenya inafika TSh 728,497. Kwa hiyo Kenya inatoza zaidi kwa TSh 90,497 kila mwezi. Hata hivyo fedha ya mkononi ni kubwa kule kwa TSh 40,603. Kauli zote mbili ni za kweli, na zinapatana kwa sababu ya NSSF. Dodoma mchango wako ni laki tatu na mwajiri anaongeza laki tatu, yaani TSh 600,000 zinaingia kwenye akiba yako kila mwezi. Nairobi zinaingia KSh 8,640, takriban TSh 172,800. Anayeangalia mfuko wa leo ataipenda Nairobi. Mwenye miaka 48 anayewaza kiinua mgongo ana kila sababu ya kuthamini zile laki sita.

Ndiyo maana karatasi yako iwe na mistari mitatu kwa kila nchi: kodi, akiba, bima. Usiijumlishe yote kwa jina la "makato" kisha ukasema kodi ni asilimia 31. Kodi ya Dodoma kwa mshahara huu ni asilimia 21.3 ya ghafi. Zile 10 nyingine ni zako. Kwenye mstari wa bima, SHIF ya Kenya ni lazima kwa kila mfanyakazi, lakini ofa ya sekta binafsi huku inaweza kuja bila bima. Uliza. Kama mwajiri wa Dodoma halipii bima, weka gharama ya kadi ya familia yako kwenye safu ya Tanzania, la sivyo unalinganisha mtu mwenye matibabu na asiyekuwa nayo.

Kwa mishahara midogo tofauti ni kiduchu. TSh 800,000 hapa: NSSF 80,000, kodi 60,000, mkononi 660,000. KSh 40,000 kule: NSSF 2,400, SHIF 1,100, tozo ya nyumba 600, kodi 3,153.35, mkononi KSh 32,747, karibu TSh 654,933. Kwa mshahara wa namna hii kodi isikusumbue. Nauli na pango la chumba ndivyo vitakavyoamua.

Mtumishi wa umma ana hesabu yake

Dodoma ni mji wa watumishi, na slipu ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali, haifanani na ya kampuni. Mchango wa PSSSF (mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma) kwa mtumishi ni asilimia 5, mwajiri anatoa 15. Bima ya NHIF ni asilimia 3 kwako na 3 kwa mwajiri. Kwa mshahara wa 3,000,000: PSSSF 150,000, NHIF 90,000, kodi ya 2,850,000 ni 683,000, mkononi 2,077,000. Hapo hakuna mkopo wala chama cha wafanyakazi. Mdaiwa wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15, yaani 450,000, na deni hilo halifutwi na mpaka wa Namanga. Ukihamia Nairobi litakufuata; liweke kwenye safu zote mbili.

Jambo jingine ni posho. Sheria ya kodi ya mapato inaziacha nje ya kodi posho za nyumba, usafiri, madaraka na kazi za ziada zinazolipwa kwa watumishi wa Serikali na taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti yake. Kampuni binafsi ikikupa posho ya nyumba ya TSh 500,000, huo ni mshahara: NSSF huchukua 50,000, kodi huchukua 135,000, unabaki na 315,000. Mtumishi akiiweka posho yake kwenye mzani kana kwamba ataipata yote kwa mwajiri mpya, amejipunja TSh 185,000 kila mwezi. Kenya nayo posho za fedha hutozwa kodi kama mshahara.

Upande wa nyumba

Hapa nchi hizi mbili zinatofautiana kwa msingi, si kwa kiwango tu. Kodi ya majengo Tanzania Bara haijali thamani. Nyumba ya kawaida hulipa TSh 18,000 kwa mwaka, iwe ya vyumba viwili Chang'ombe au ya vyumba sita yenye bustani Ilazo. Jengo la ghorofa mjini hulipa TSh 90,000 kwa kila ghorofa. Hadi mwaka 2023 viwango vilikuwa 12,000 na 60,000. Tangu 20 Agosti 2021 fedha hiyo hukatwa kupitia LUKU, sasa TSh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa.

Soma risiti ya umeme mstari kwa mstari. Ukinunua LUKU ya TSh 10,000 kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, 1,500 huondoka kwanza. Zile 8,500 zinazobaki hugawanywa: umeme wenyewe 6,967.21, VAT ya asilimia 18 ni 1,254.10, REA (umeme vijijini) asilimia 3 ni 209.02, EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 ni 69.67. Ukinunua tena mwezi huohuo, ile 1,500 haikatwi, na umeme unapanda hadi 8,196.72 kwa elfu kumi ileile. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba umeme wa tarehe mbili ni mdogo kuliko wa tarehe ishirini hajaibiwa. Amelipa kodi ya jengo.

Matatizo ya mfumo huu ni ya kawaida na yanarekebishika. La kwanza ni mita nyingi kwenye nyumba moja. Mwenye nyumba aliyewawekea wapangaji watatu kila mmoja mita yake anaweza kukuta jengo moja likikatwa mara tatu, TSh 54,000 badala ya 18,000. Andika namba za mita zote, chukua na nyaraka za nyumba, nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo waunganishe kodi na mita moja. La pili ni deni la miezi iliyolala. Nyumba ikikaa miezi sita bila kununuliwa umeme, manunuzi ya kwanza yatabeba 9,000. Ukinunua umeme wa elfu tano utaona zimeishia kwenye deni na taa haziwaki. Anayehamia Nairobi na kufunga nyumba ajue hilo. La tatu ni msamaha usioombwa: nyumba moja ya makazi ya mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea haipaswi kutozwa, lakini mita haijui umri wa mtu. Kama nyumba ni ya mama au baba, peleka kitambulisho chake ofisi hiyohiyo. Nyumba za tope na za nyasi nazo hazimo.

Na kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji ndiye ananunua LUKU, kwa hiyo ndiye anailipa bila kuulizwa. Andikeni kwenye mkataba kwamba 1,500 za kila mwezi zinapunguzwa kwenye pango. Ni fedha ndogo, ila imeharibu ujirani wa watu wengi.

Pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, na usiliache nje ya karatasi kwa kudhani LUKU imemaliza. Hulipwa kila mwaka kwa kila kiwanja kilichopimwa, kwa kuzidisha mita za mraba na kiwango cha eneo na matumizi. Viwango vya Dodoma havilingani mtaa na mtaa, kwa hiyo tumia bili yako mwenyewe. Ukiipata, gawanya kwa ukubwa wa kiwanja uone umetozwa shilingi ngapi kwa mita. Makosa makubwa hutoka kwenye matumizi: kiwanja cha makazi kilichoandikwa biashara hulipa zaidi kila mwaka mpaka mtu agundue. Mwenye karatasi za CDA, mamlaka ya ustawishaji wa Dodoma iliyovunjwa Mei 2017, ahakikishe jina, ukubwa na matumizi vimeingia sawasawa kwenye kumbukumbu za sasa kabla ya kulipa.

Kenya hutoza ardhi, na hutoza kwa thamani. Kila kaunti ina orodha yake ya thamani na asilimia yake. Kwa kawaida jengo lililo juu halihesabiwi. Nairobi ilitumia orodha ya mwaka 1980 kwa takriban miaka 40, na ilipohamia kwenye thamani mpya asilimia ikashuka sana kwa sababu thamani zilikuwa zimepaa. Chukua kiwanja cha KSh milioni 5 kwa kiwango cha asilimia 0.115: ni KSh 5,750 kwa mwaka, TSh 115,000. Weka pembeni zile 18,000 za Nkuhungu na tofauti inaonekana mara moja. Kwa maoni yetu mfumo wa Kenya unamtendea haki zaidi mwenye kiwanja kidogo, maana huku nyumba ya milioni 20 na ya milioni 400 zinalipa sawa. Lakini anayehama halipi haki, analipa bili, na bili ya Dodoma ni nyepesi.

Mtanzania akinunua ardhi Kenya ni mgeni. Katiba ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu umiliki wa muda usiozidi miaka 99 tu. Ardhi ya namna hiyo, ikiwa imetolewa na Serikali, hudaiwa pia pango la ardhi la Serikali kuu juu ya ile ada ya kaunti. Ushuru wa stempu wakati wa kununua ni asilimia 4 mjini na 2 vijijini, wakati huku ni asilimia 1. Ukija kuuza, kodi ya faida Kenya ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Tanzania ni asilimia 10 kwa mkazi, na asiye mkazi hutozwa zaidi.

Ukweli ni kwamba wengi wanaohama hawatanunua Nairobi, watapanga. Basi usiweke ada ya kaunti kwenye safu ya Kenya. Weka kodi ya majengo na pango la ardhi la Dodoma kwenye safu zote mbili, kwa sababu nyumba haihami na wewe. Kosa la kuzifuta upande wa Kenya hutokea sana, na huifanya ofa ionekane tamu kuliko ilivyo.

Ukipangisha nyumba, na ukaaji wako kikodi

Nyumba ya Dodoma ikipangishwa na kampuni au taasisi kwa TSh 300,000 kwa mwezi, mpangaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA: 360,000 kwa mwaka. Dai hati ya zuio kila anapokata. Bila hiyo huna ushahidi kuwa kodi yako imelipwa. Ukihesabika si mkazi, asilimia hiyo huwa 15, yaani 540,000. Kenya pango la makazi linalofika kati ya KSh 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango ghafi tangu Januari 2024. Chini ya hapo kipato hakisamehewi. Kinaingia kwenye ritani ya mwaka.

Neno "mkazi" ndilo zito kuliko yote. Tanzania humhesabu mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwepo sehemu yoyote ya mwaka, au aliyekaa siku 183, au wastani wa siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Ukiiacha nyumba ya Kisasa wazi kwa ajili yako na ukaja Krismasi, unaweza kuwa mkazi bado, na mkazi hutozwa kwa kipato cha popote duniani. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi tisa, Zambia na Afrika Kusini zikiwemo, Kenya haimo. Kinachobaki ni nafuu ya sheria ya ndani kwa kodi uliyolipa nje, na nafuu hiyo ina mpaka. Kwa mfano wetu, mchango wa NSSF ya Kenya usipokubaliwa kupunguza kipato, kodi ya Tanzania kwa TSh 3,000,000 ni 728,000, na ya Kenya ilikuwa 683,497. Pengo la TSh 44,503 kwa mwezi linaweza kudaiwa huku, na limeimeza ile faida ya 40,603.

Kenya nayo hupima siku zilezile, 183 au wastani wa 122. Ukifika Septemba bila makazi ya kudumu kule, mwaka huo hujawa mkazi, na lile punguzo la KSh 2,400 ni la wakazi. TSh 48,000 zinapungua mkononi kila mwezi hadi Desemba. Kama mwajiri anakubali kusogeza tarehe ya kuanza, Januari ni bora kuliko Septemba.

Tunza slipu zote za Kenya na hati ya mwaka ya makato, ile ya P9, pamoja na mihuri ya pasipoti inayoonyesha tarehe za kuvuka mpaka. Ritani ya mtu binafsi kwa nchi zote mbili ina mwisho wa 30 Juni, hivyo anza kuzikusanya Januari. Viwango vya Bara hubadilika 1 Julai Sheria ya Fedha ikianza kutumika. Ukomo wa NSSF ya Kenya umekuwa ukipandishwa kila Februari tangu 2023. Ofa iliyoandikwa Januari na kusainiwa Machi ipigiwe hesabu upya.